Rangi Iliyochemshwa

Wino wa shuleni ulikwisha katikati ya masika, wakati njia ya kutoka pwani imekuwa tope na wapagazi hawapiti. Mwalimu akawatuma watoto wakachimbe mizizi ya mdaa. Wakaiponda, wakaitia chunguni pamoja na misumari yenye kutu, wakawasha moto nyuma ya jiko. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ua nikianika nguo. Harufu iliponifikia nilisimama na shuka mkononi, maji yakinichuruzikia miguuni, mpaka mwenzangu akaniuliza kama nimeona nyoka.

Mdaa ukichemka haunukii vizuri wala vibaya. Kwanza unasikia udongo uliolowa, kisha gome, na mwisho uchachu kama wa togwa iliyolala. Kwangu mimi hiyo ni harufu ya uani kwa Bibi, na sikuwa nimeisikia tangu vita. Niliomba wino kidogo katika ule, na haya nayaandika kwa huo. Nyinyi mliokuwa watoto bondeni wakati mmoja nami mtayajua mengi kabla sijayasema. Nivumilieni, mkono wangu ni mzito.

Kwetu kulikuwa nje kidogo ya Ifakara, pale ardhi inapoanza kuteremka kuelekea mto Kilombero. Miezi ya mpunga hatukukaa nyumbani. Tulihamia mashambani, tukaishi juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu, maji yakipita chini yetu na sisi watoto tukipiga kelele kufukuza ndege tangu alfajiri. Mpunga ukishavunwa tulirudi, na tulikuta nyumba imezeeka. Mvua imekula kuta, mchwa wamepanda, udongo umebanduka vipande vipande. Akina mama walichota udongo mweupe wakazipaka kuta upya. Ila ilikuwa desturi yetu kwamba sehemu ya chini ya ukuta, kuanzia ardhini hadi pale mkono wa mtoto unapofika, iachiwe watoto. Watu wazima walisema hata ikipambwa vipi mbuzi wataisugua na mvua itairushia tope, basi bora watoto waichezee. Sisi tuliona tumepewa nchi nzima.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta rangi. Nyekundu ilitoka kwenye mtama mwekundu, si kwenye punje bali kwenye yale maganda yanayokumbatia bua. Tulipita mashamba yaliyokwisha kuvunwa tukiyabandua, tukayafunga matita madogo na kuyabeba kichwani, tukitembea kwa madaha kama wake za watu. Nyeusi ilikuwa mdaa uliochemshwa, ukachanganywa na tope la kinamasi, lile linalonuka mayai viza. Njano tuliipata kwa bizari, lakini bizari ilikuwa ya Mama na aliijua ilipoishia kwenye kibuyu, kwa hiyo njano yetu ilikuwa haba na tuliiweka kwa macho ya ndege tu. Zambarau za porini nazo zilikuwa na rangi yake, ila nyingi ziliishia mdomoni. Jioni watu walituangalia ndimi wakajua nani alikwenda kuchuma rangi na nani alikwenda kula.

Rangi tulizitia katika maganda ya konokono wakubwa, tukayachimbia mchangani yasimwagike. Kalamu zetu zilikuwa vijiti vilivyotafunwa kama mswaki mpaka ncha ikawa nyuzinyuzi. Kila mti ulikuwa na ladha yake, na ukikosea ukachukua mchungu, siku nzima ulichora huku unatema mate. Mpaka leo nikiona kijiti kimekatwa vizuri, meno yangu yanakitaka.

Mwenzangu alikuwa Mashaka, mtoto wa mjomba wangu, na kwa kuwa binamu ni watani hatukuachiana neno. Mashaka alitaka kijani. Kila mwaka alitwanga majani ya kunde, akakamua maji yake, na yalikuwa mazuri sana kwenye ganda la konokono. Akachora mamba mrefu toka kwenye mlango hadi pembeni. Kesho yake mamba alikuwa na rangi ya kinyesi cha ng'ombe. Nikamwambia mamba wake ameharisha. Akanijibu kwamba mamba akitoka majini hukauka, ila mtu asiyetoka nje ya ua wa bibi yake atayajulia wapi hayo.

Baba alipotoka kuvua alitua nyavu, akachuchumaa mbele ya ukuta, na hakuinuka mpaka amekisia kila kitu. Alikisia vibaya kwa makusudi.

"Huyu kiboko amenenepa," alisema.

"Ni wewe, Baba."

"Ahaa. Na hii ni pua yangu au ni mtumbwi?"

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta na kujipaka rangi mgongoni. Mimi sikuwa msemaji. Wageni walipokuja nilijificha nyuma ya ghala, na hata watoto wenzangu niliwajibu kwa kichwa. Lakini mbele ya ukuta ule, Baba akiwa amechuchumaa, nilisema mpaka akaniambia nipumzike, ulimi utachubuka.

Aliyekuwa na rangi za kweli ni Bibi, mama yake Baba. Alisuka mikeka ya ukindu, na watu walitoka mbali kuifuata. Sisi tulipaka, yeye alipika. Alichemsha yale maganda ya mtama asubuhi hadi jua linageuka, akaongeza maji ya majivu yaliyochujwa, akazamisha ukindu, akauacha ulale humo. Alisema rangi ambayo haikupita motoni ni ya kuazima tu, mvua ya kwanza mwenyewe anakuja kuichukua. Na alikuwa na njia yake ya kupima. Aliutoa ukindu, akauanika ukakauka, kisha akalowesha kidole gumba kwa mate na kuusugua kwa nguvu. Halafu alikitazama kidole. Kikiwa na wekundu hata kidogo, ukindu ulirudi chunguni.

Na mimi nilipika zangu, katika kigae cha chungu kilichovunjika, nikiwa nimeketi karibu yake nikimwiga. Kila mara nilimpelekea kipande changu. Kila mara alilowesha kidole, akasugua, akanionyesha. Chekundu.

"Mke mwenzangu," alikuwa akisema, maana hivyo ndivyo mabibi wanavyowatania wajukuu, "una haraka kama mwenye mgeni mlangoni. Rudisha motoni."

Mwaka ule wa mwisho ukuta wetu ulikuwa mzuri kuliko miaka yote, ingawa wanaume hawakuwa na nafasi ya kuutazama. Walikaa vikundi vikundi wakiongea kwa sauti ya chini. Tulisikia maneno ya shamba la pamba la Wadachi, ya viboko, ya watu waliolazimishwa kwenda kulima huko huku mpunga wao unaliwa na nguruwe. Kisha tukasikia neno moja tu, dawa. Kuna mtu amekuja nayo kutoka upande wa Rufiji. Ukiipata, risasi ya Mdachi itakuwa maji.

Siku ya kugawa dawa watoto tulifukuzwa, ndiyo sababu tukaenda. Mimi na Mashaka tulilala kifudifudi kwenye nyasi. Niliona chungu kikubwa cha maji, nikaona mtama ukitiwa ndani, na mafuta ya nyonyo. Wanaume walipita mmoja mmoja. Yule mganga alichovya kitawi akawarushia maji kichwani na kifuani, wengine wakanywa kidogo. Halafu wakajifunga majani ya mtama kwenye paji la uso. Baba naye alipita. Alifumba macho maji yalipomgusa, kama mimi nilivyofanya Mama aliponiosha.

Nilidhani nimeelewa kila kitu. Mtama nilikuwa naujua. Wanaume walikuwa wanatiwa rangi, rangi ambayo risasi ikiigusa inateleza. Hilo sikuliona la ajabu hata kidogo, maana niliona kila siku jinsi kitu kinavyoingia katika maji ya mtama kikiwa hivi na kutoka kikiwa vile. Lililonishtua lilikuwa jingine. Nilitafuta kwa macho pale chini ya chungu, nikazunguka kote. Hapakuwa na moto. Hapakuwa na majivu. Yalikuwa maji baridi.

Nilimwambia Mashaka njiani. Alicheka hadi akakaa chini.

"Sasa unataka babako achemshwe?"

Nikamwendea Bibi. Yeye hakucheka. Mikono yake ilisimama kwenye ukili, ule utepe wa ukindu wa kushonea mkeka, aliokuwa anasuka, akatazama mlangoni kwanza, kisha akanitazama mimi.

"Mke mwenzangu, hayo niambie mimi tu. Usimwambie mtu mwingine. Umesikia?"

Niliitikia kwa kichwa. Nikafikiri ameniogopesha kwa sababu nimesema kweli: kwamba hata yeye anajua haikupikwa. Leo najua kulikuwa na watu ambao wangekasirika vibaya kusikia mtoto wa nyumba ile anaikosoa dawa. Lakini pia namkumbuka usoni, na sijui kama nilikosea kabisa.

Dawa ilikuwa na masharti yake. Waliokwisha kuipata walilala peke yao karibu na mto. Mwanamke hakuruhusiwa kuwagusa, wala mtoto wa kike, na siku ya kuondoka hawakupaswa kugeuka nyuma. Kwa hiyo Baba alikuwa karibu nasi, moshi wa moto wao tuliuona, lakini sikuweza kumfikia nikamwambia arudi apikwe. Nikaona la kufanya ni moja. Nimpikie yangu.

Nilichukua ukindu mwembamba nilioutafuta mwenyewe, nikausuka ukili mfupi wa kutosha kuzunguka mkono wa mtu mzima. Mashaka, pamoja na kicheko chake, aliniletea maganda ya mtama hadi kigae kikajaa. Tulikwenda nyuma ya kichuguu ili watu wasituone. Sikuwa na haraka safari hiyo. Nilichochea moto mpaka macho yakawa mekundu kama rangi yenyewe, nikatia maji ya majivu, nikaacha ukili ulale humo. Nilipoutoa ulikuwa umeiva rangi, mwekundu wa kukolea kabisa. Lakini sikuupeleka kwa Bibi akaupime, maana alikwisha kunikataza kuyasema mambo hayo. Nilitaka kuupima mwenyewe. Nikalowesha kidole, kisha nikakifuta kwenye nguo bila kusugua. Niliogopa kitatoka chekundu na wakati wa kurudisha motoni umekwisha.

Waliondoka asubuhi, kwa mitumbwi, kuvuka kwenda upande wa Mahenge. Wanawake walisimama mbali. Mimi nilipita katikati ya nyasi nikatokea kwenye njia ya kivukoni, mbele yao, Mashaka akiwa nyuma yangu. Wanaume wakasimama. Wote walikuwa na mikuki, na majani ya mtama yamewaangukia machoni. Ukili ulikuwa mkononi mwangu, na sauti yangu ilikuwa imekwenda kusikojulikana.

Alikuwepo jirani yetu tuliyemwita Baba Tabu, mvuvi mwenzake Baba, mtu wa mzaha.

"Mwanao amekuletea kamba ya kufungia kambare," alimwambia Baba, na wenzake wakacheka, ila mmoja akasema kwa ukali niondolewe njiani, nitaharibu dawa.

Baba alichuchumaa. Alichuchumaa vilevile kama mbele ya ukuta, hatua kadhaa kutoka kwangu, akanitazama na kungoja.

"Imechemshwa," nikasema.

Hakukisia vibaya safari hii. Aliniambia niutundike ukili kwenye kichaka kilichokuwa kando ya njia, nirudi nyuma. Nikafanya hivyo. Akanyoosha mkuki wake, akautungua kwa ncha ili asiuguse ukiwa bado na joto la mkono wangu, akauacha uteleze, na kwa kidole kimoja akaukaza kwenye mpini chini ya chuma. Yule mkali alianza kusema neno. Baba Tabu akamwambia mkuki haukula dawa wala hauna mke, twendeni.

Walipofika katikati ya mto hakuna aliyegeuka. Baba pia hakugeuka. Lakini aliinua mkuki juu, akautikisa, na mimi niliona wekundu ule ukitikisika mpaka mitumbwi ikaingia kwenye matete ya ng'ambo.

Yaliyofuata mnayajua. Kwa siku nyingi hatukusikia kitu, kisha tukasikia askari wanakuja, tukakimbilia bondeni kwenye matete na visiwa vya kinamasi. Tukaona moshi upande wa nyumbani, kwanza wa nyasi za mapaa, mweupe, halafu wa maghala, mzito na wenye harufu ya wali ulioungua. Mama alisema, mpunga wetu huo. Mimi nilikuwa nawaza ndege wetu wa ukutani wenye macho ya njano.

Tulikula mizizi ya mayungiyungi. Tulikula matunda ambayo zamani tuliyachuma kwa rangi, na Mashaka, hata alipokuwa amekonda mpaka masikio yanaonekana makubwa, aliniambia kila tulipotafuna kitu kingechora mnyama gani. Bibi aliketi mikono ikiwa mitupu mapajani. Ukindu ulikuwa mwingi pale kinamasini, lakini hakuusuka.

Wanaume wakaanza kurudi, mmoja leo, mwingine baada ya siku nyingi. Hawakutaka kuulizwa. Kila matete yalipotikisika niliangalia juu, kutafuta ncha ya mkuki na wekundu chini yake.

Aliyetokea alikuwa Baba Tabu. Hakuwa na mkuki. Watu walikuwa wameificha mikuki au kuitupa, maana askari akikukuta nayo humalizi neno. Alimsalimia Bibi, akamsalimia Mama, na hakuwa na mzaha wowote. Kisha akanitafuta kwa macho nyuma ya Mama, akachuchumaa, akafungua mkono. Ulikuwa ukili wangu.

"Hii ni yako," alisema. "Njia nzima alikuwa anatuonyesha."

Mama aliweka mikono kichwani akaketi pale pale majini. Mimi nilikuwa nimeushika ukili, nikiwa na hofu yangu mwenyewe. Ulikuwa umekauka, una vumbi na madoa. Nikafikiri Baba ameurudisha kwa kuwa haufai. Nilijua tangu asubuhi ile kwamba sikuupima.

"Bibi," nikasema, "kwa nini ameurudisha? Rangi haikushika?"

Baba Tabu aligeuza uso akatazama mtoni. Bibi aliniangalia, naye ndiye aliyemzaa Baba. Kisha akanyoosha mkono nikampa. Akatia kidole gumba mdomoni. Mdomo ulikuwa mkavu, ikabidi angoje mate. Akasugua. Alisugua kwa nguvu, mara nyingi, kuliko alivyowahi kusugua kipande changu chochote. Akakitazama kidole, kisha akanionyesha.

Kilikuwa safi.

"Imeshika, mjukuu wangu," alisema. "Imeshika vizuri."

Katika watu wote waliokuwa kwenye matete siku ile, mimi peke yangu nilifurahi. Nilimtafuta Mashaka nimwambie, na yeye, ambaye hakuwahi kuniachia neno, alinisikiliza hadi mwisho akasema kweli, ni nyekundu sana. Habari ya kifo cha Baba sikuielewa kwa mara moja. Iliniingia kama rangi inavyoingia ukinduni, ukitazama huoni, na siku unapoutoa umekwisha kubadilika wote.

Tuliporudi nyumbani tulikuta kuta zimesimama bila paa. Moto ulikuwa umekula njano na zambarau, ukamla hata mamba wa Mashaka. Baadaye Bibi alisuka mkeka mmoja, wa ukindu mtupu, maana mtama haukuwepo wa kula sembuse wa kupikia rangi. Pembeni aliushona ukili wangu, mstari mmoja mfupi mwekundu. Ndio mkeka wake wa mwisho, na ndio ninaolalia hapa shuleni. Wasichana wengine huniuliza kwa nini umepambwa upande mmoja tu, na mimi huwajibu kwa kichwa.

Wekundu umepauka kidogo sasa, umekuwa kama wa kigae. Nikiukunja asubuhi nalowesha kidole gumba na kuusugua. Kidole hutoka safi.